Barua kwa mwanangu: kama msitu ni simulizi, tunalinda nini?

Mama yangu Rehema,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma nikaona haujibiki kwa simu. Umesema mhadhiri wenu wa maadili ya mazingira amewafundisha wanafalsafa wa usasabaadaye (postmodernism), wengi wao Wafaransa, na kwamba kwa mtazamo wao "asili" ni simulizi inayotungwa na watu, hasa wenye nguvu. Ukauliza: kama ni simulizi tu, wewe baba uliyekula mshahara wa idara ya misitu maisha yako yote ulikuwa unalinda nini? Na nani ana haki ya kumwambia mchoma mkaa aache?

Swali lina ukali kidogo, lakini nimelipenda.

Kwanza tuwatendee haki hao Wafaransa. Jean-François Lyotard aliandika mwaka 1979 kwamba watu wa zama hizi wamepoteza imani na zile simulizi kuu zinazodai kueleza safari ya binadamu wote: maendeleo, ukombozi, ushindi wa akili. Michel Foucault naye alikuwa ameshaonyesha jinsi elimu na mamlaka zinavyokwenda pamoja. Anayepima, anayehesabu na anayeandika ripoti ndiye anayetawala, hata kama mwenyewe anajiona mtumishi tu wa ukweli. Wote wawili hawakuwa na shughuli na misitu. Waliokuwa nayo ni wengine: Aldo Leopold na maadili yake ya ardhi mwaka 1949, Arne Naess wa Norway, aliyedai mwaka 1973 kwamba kila kiumbe kina haki ya kuishi na kustawi, na baadaye Holmes Rolston, aliyefundisha kwamba viumbe na mazingira yao vina thamani ndani yao vyenyewe, apende au asipende binadamu. Mimi hoja hiyo bado naipenda. Tatizo lake ni kwamba wengi walioibeba waliizungumzia asili kana kwamba mtu ni mgeni ndani yake, na mgeni huwa anaonyeshwa mlango.

Marekani walianzisha hifadhi ya Yellowstone mwaka 1872, na kule Yosemite watalii walisifu bonde "lisiloguswa" ambalo wenyeji wake walikuwa wamefukuzwa na wanamgambo mwaka 1851. Mwaka 1989 Ramachandra Guha wa India aliandika kwamba kupeleka mfano huo katika nchi maskini ni kuchukua ardhi ya wanyonge na kuwapa matajiri. Mwaka 1995 mwanahistoria William Cronon akawaambia Wamarekani wenzake kwamba hilo pori safi wanaloliabudu ni zao la utamaduni wao. Wapenda mazingira walimkasirikia sana. Nadhani wengine hawajamsamehe hadi leo.

Kwetu Tanzania hadithi hiyo huhitaji kuitafuta mbali. Wazungu waliofika nchi ya Wamasai miaka ya 1890 walikuta sotoka imemaliza ng'ombe, ndui na njaa vimemaliza watu, na vichaka vinarudi palipokuwa malisho. Wengi wakadhani ndivyo ilivyokuwa tangu kuumbwa kwa dunia. Mwaka 1959 Wamasai wakahamishwa kutoka Serengeti kwenda Ngorongoro. Na upande wa Liwale, watu walitolewa miaka ya 1940 kwa sababu ya ugonjwa wa malale, pori la Selous likapanuliwa juu ya vijiji vyao. Ukikuta humo miembe mikubwa imejipanga mstari, jua hapo palikuwa na nyumba. (Tembo naye hula embe na kusambaza kokwa, lakini tembo hapandi kwa mstari.)

Kwa hiyo mhadhiri wenu ana hoja. Ila kuna mahali tunapoachana njia, na mfano wangu unatoka Guinea.

Kissidougou ni eneo ambalo savana inakutana na msitu. Kote ni nyasi, na katikati ya nyasi kuna visiwa vya miti mirefu, na karibu kila kisiwa kina kijiji ndani yake. Maofisa wa Kifaransa, na wa serikali huru baada yao, waliitazama mandhari hiyo wakaona jambo moja: zamani hapa palikuwa na msitu mnene, wenyeji wakaukata na kuuchoma, na visiwa hivi ndiyo masalia. Sera zikajengwa juu ya msingi huo. Wakulima wakatozwa faini na kuhubiriwa juu ya moto.

Miaka ya 1990 watafiti James Fairhead na Melissa Leach walikwenda kuishi na Wakissi na Wakuranko, wakawauliza wenyewe. Wazee wakasema kinyume kabisa: waliotutangulia walikuta nyasi, msitu tumeuotesha sisi. Wakaeleza na namna. Ng'ombe wanafungwa kandokando ya kijiji wanakula nyasi. Nyingine zinakatwa za kuezekea. Moto wa kiangazi ukifika pale unakosa cha kuchoma. Jivu, samadi na taka za jikoni zinarutubisha udongo. Misufi ilipandwa makusudi kuzunguka vijiji enzi za vita, iwe ngome. Baada ya miongo michache kijiji kinakuwa ndani ya msitu ambao mtaalamu akija atauita masalia ya msitu wa kale.

Sasa angalia walichofanya wale watafiti. Hawakuishia kusema Mfaransa ana simulizi yake na mzee wa Kikissi ana yake, kila mtu abaki na lake. Walichukua picha zilizopigwa kwa ndege mwaka 1952, wakazilinganisha na picha za setilaiti za miongo iliyofuata. Sehemu nyingi msitu haukuwa umepungua, na kwingine ulikuwa umeongezeka. Wazee walikuwa wanasema kweli. Shaka ya Foucault ndiyo iliyofungua faili, lakini kesi ilishinda kwa ushahidi. Ukishaondoa ukweli mezani, Rehema, kinachobaki ni mwenye nguvu mpishe, na mwenye nguvu hajawahi kuwa mkulima wa Kissidougou.

Bruno Latour, aliyekuwa kinara wa kuonyesha jinsi sayansi inavyotengenezwa na watu, aliliona hilo mwaka 2004. Alisoma jinsi mshauri mmoja wa chama cha Republican cha Marekani alivyowaelekeza wanasiasa wakazie kwamba wanasayansi hawana uhakika kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Latour akashtuka: hizo ni mbinu zetu, sasa ziko mikononi mwa nani?

Ndiyo maana hata Ngorongoro siwezi kukujibu kwa simulizi peke yake. Wamasai walihamishiwa huko wakiahidiwa kuishi, na ahadi hiyo ina uzito. Lakini watu kuongezeka kutoka takriban 8,000 hadi zaidi ya 100,000 nayo si hadithi ya mkoloni. Anayewatetea Wamasai kwa kuikwepa namba hiyo anawatetea vibaya, na anayeitaja bila kuitaja ahadi anadanganya nusu.

Nirudi kwa mchoma mkaa. Jim Cheney aliandika mwaka 1989 kwamba maadili ya mazingira yatoke katika masimulizi ya mahali penyewe, ya watu wanaoishi hapo. Wazo zuri, ingawa hakutueleza vya kutosha tufanye nini masimulizi ya mahali yanapokuwa na watu wasiosikilizwa humohumo, kwa mfano wanawake wanaochota maji. Jibu lenye miguu nililiona Duru-Haitemba, wilaya ya Babati. Serikali ilitaka kuufanya msitu ule wa miombo uwe hifadhi yake. Wananchi wakaona wananyang'anywa, wakaukata kwa fujo kabla haujafungwa. Katikati ya miaka ya 1990 msitu ukaachwa mikononi mwa vijiji vyenyewe. Vikaweka walinzi wao na sheria ndogo zao, na uharibifu ukapungua. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaja kutambua utaratibu wa namna hiyo nchi nzima.

Pale, haki ya kumzuia mchoma mkaa ilitoka kwa jirani yake anayeujua mto na anayeweza kuhojiwa kwenye mkutano wa kijiji. Mimi na sare yangu nilikuwa na haki ndogo kuliko nilivyofundishwa chuoni. Na miti ilikuwa ya kweli muda wote huo.

Kama bado unatafuta mahali pa kufanyia utafiti wako, nenda Babati ukawasikilize, halafu omba na kumbukumbu za vikao vya kamati za misitu uone ni akina nani hawajawahi kusema humo. Nauli nitachangia. Mama yako anauliza kama lile sweta limefika.

Baba yako