Sebule ya mita 4 kwa 5: spika ndefu au za rafu?

"Habari za kazi. Sebule yangu ni mita 4 kwa 5, nimejipanga, nataka sinema ya nyumbani ya kueleweka. Nichukue spika ndefu za kusimama au hizi ndogo za rafu? Fundi anasema ndogo ni za watoto."

Ujumbe wa namna hii huja kila mara, kinachobadilika ni vipimo vya sebule tu. Jibu fupi: chukua za rafu, na pesa itakayobaki ipeleke kwenye sabufa na spika ya kati. Fundi wako anapima spika kwa macho.

Spika ya rafu ni boksi lenye twita moja (koni ndogo ya sauti nyembamba) na wufa moja (koni kubwa ya sauti nzito) ya inchi 5 mpaka 6.5. Besi yake huanza kulegea kwenye Hz 50 hadi 60 (Hz ni mitetemo kwa sekunde: namba ikishuka, besi inazidi kuwa nzito). Spika ndefu ina kimo cha sentimita 90 mpaka 110, wufa mbili au tatu za ukubwa uleule, na kwa kuwa boksi lake limebeba hewa nyingi, hushuka mpaka Hz 35 au 40. Kuanzia Hz 80 kwenda juu, zinakokaa sauti nyingi za watu, milango, nyayo na vioo vinavyovunjika, spika mbili za familia moja kutoka kiwanda kimoja mara nyingi hazitofautiani sana, na hata twita ni ileile. Unacholipia kwenye ndefu ni besi ya ziada, nguvu ya ziada na mbao.

Sasa besi hiyo ndiyo ambayo sinema haikuombi uitoe kwenye spika za mbele. Filamu hurekodiwa ikiwa na njia yake ya pekee ya besi, ile ".1" unayoiona kwenye 5.1 (spika tano na sabufa moja), na hiyo ni kazi ya sabufa. Hapa sabufa maana yake si lile seti zima la spika tatu linaloitwa sabufa madukani. Ni boksi moja lenye amplifaya ndani yake na wufa ya inchi 10 au 12, linalopokea waya mmoja kutoka kwenye risiva, yaani amplifaya kuu inayogawa sauti ya filamu kwa kila spika, si king'amuzi cha TV. Mlipuko mkubwa wa filamu hushuka chini ya Hz 30. Spika ndefu ya bei ya kawaida haifiki huko, hata ukiipigia magoti. Kwa hiyo anayenunua ndefu bila sabufa amelipa zaidi na bado amekosa kilichompeleka dukani.

Halafu kuna chumba. Nyumba zetu ni tofali za saruji, chini marumaru, na ukuta wa namna hiyo haupitishi besi, unairudisha ndani. Chukua kasi ya sauti, mita 343 kwa sekunde, igawe kwa mara mbili ya urefu wa chumba. Mita 5 zinakupa Hz 34, mita 4 zinakupa Hz 43. Kwenye sauti hizo chumba chenyewe kinavimba: kochi moja besi inanguruma, kochi la pili haipo kabisa. Spika ndefu inayoshuka mpaka Hz 38 inachokoza mavimbe hayo, na huwezi kuihamisha kwa sababu lazima ikae pembeni ya TV. Sabufa inahamishika. Iweke juu ya kochi unalokaa, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha tambaa kwa magoti ukifuata kuta. Pale unaposikia noti zote za besi kwa usawa, bila moja kuruka juu, ndipo pa kuiweka. Wenye nyumba watakushangaa kwa dakika kumi, basi.

Ndefu zina mahali pake. Kama sebule imeungana na sehemu ya kulia chakula bila ukuta, jumla ikazidi mita za mraba 30, na kochi liko mita 4 au zaidi kutoka kwenye TV, spika ya rafu yenye wufa ya inchi 5 itakabwa koo kila ukipandisha sauti. Au kama nusu ya matumizi yako ni muziki na sabufa huitaki: waya mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne uko Hz 41, na muziki wa dansi unaosikika kupitia spika ya rafu peke yake huwa umepungukiwa na mguu mmoja. Hapo nunua ndefu bila kuona haya.

Nguvu je? Usiangalie wati zilizoandikwa kwenye boksi, hasa zile elfu kadhaa zenye herufi PMPO, ambazo hazina maana yoyote. Angalia wati za RMS, yaani nguvu halisi inayodumu, na zaidi ya hapo angalia wepesi wa spika kutoa sauti (si uzito wake), unaoandikwa kwa desibeli kwa wati 1 kwa mita 1. Spika ya dB 87 inahitaji wati 64 kutoa sauti ambayo ya dB 90 inaitoa kwa wati 32. Kila desibeli 3 ni nusu ya umeme. Ndefu nyingi ni nyepesi kidogo kuliko za rafu, lakini nyingi pia ni za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani: ikiwa ndogo, spika inavuta umeme mwingi), na risiva ya bei ndogo iliyotengenezwa kwa omu 6 mpaka 8 inaweza kuchemka na kujizima katikati ya filamu. Soma mgongo wa risiva kabla hujalipa.

Spika ya kati ndiyo inayobeba karibu mazungumzo yote. Watu wanamaliza hela kwenye ndefu mbili, kisha wanachomeka kati kijispika kilichotoka kwenye seti jingine, halafu wanalalamika kwamba maneno hayasikiki. Tatu za mbele, yaani kushoto, kati na kulia, ziwe familia moja. Zile mbili za pembeni ya kochi zinaweza kuwa za hali ya chini. Ziweke kwenye pembe ya nyuzi 110 hivi, ukipima kutoka kwa aliyekaa akitazama TV, yaani nyuma kidogo ya mabega yake, juu kidogo ya masikio.

Za rafu zisikae ndani ya kabati la TV. Boksi ndani ya boksi linavuma. Chonga stendi za chuma za sentimita 60, miguu yake ijaze mchanga mkavu, twita iwe usawa wa sikio la mtu aliyekaa, kama sentimita 95 kutoka sakafuni. Kama tundu la hewa liko nyuma, acha sentimita 20 mpaka 30 kutoka ukutani. Nafasi isipotosha, ziba tundu kwa sponji. Tandika zulia kati ya spika na kochi, maana marumaru tupu hurudisha sauti kali zinazochosha masikio.

Na ukichagua ndefu, fikiria kudeki. Boksi la MDF (mbao ya unga uliogandamizwa) likiguswa na maji kila asubuhi linavimba chini, ganda linabanduka, na ndani ya mwaka mmoja spika imesimama kama imevaa soksi zilizolowa. Ipandishe juu ya miguu ya mpira ya sentimita 2 au 3. Ile misumari inayokuja nayo inakwaruza marumaru. Kama unaitaka, weka sarafu chini ya kila msumari.

Dukani, Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi, fanya mambo haya. Gonga ubavu: ukilia kama debe, acha. Omba kusikiliza kila wufa kwa kusogeza sikio, kwa sababu kuna ndefu zenye koni nne ambazo mbili ni pambo. Angalia nyuma: ukikuta plagi ya pekee badala ya skrubu nyekundu na nyeusi, hiyo haitafunga kwenye risiva ya kawaida. Kwa mitumba, bonyeza taratibu ukingo wa sponji unaozunguka koni. Ukivunjika kama biskuti, joto na umri vimeshaumaliza. Risiva au sabufa iliyotoka Japani ni ya volti 100, ukiichomeka kwenye umeme wetu bila transfoma ni moshi. Spika zisizo na amplifaya ndani hazina shida hiyo.

Waya uwe shaba tupu wa milimita 1.5 za mraba kwa umbali mpaka mita 7, na 2.5 ukizidi hapo. Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba: ukwangue kwa kisu, ukiona weupe urudishe.

Kama una sabufa, kwenye menyu ya risiva weka spika zote "Small", krosova (mpaka ambapo sauti za chini yake zinapelekwa kwa sabufa) Hz 80, hata kama ni ndefu. Chini ya hapo sikio halitambui vizuri sauti inatoka upande gani, kwa hiyo sabufa haitajitangaza iko wapi. Mwisho kagua nyaya. Zichomoe kwenye risiva, gusisha ncha zake kwenye betri ya volti 1.5, chanya kwa chanya, kwa sekunde moja. Koni ikiruka mbele uko sawa. Ikirudi ndani, waya umegeuzwa. Badilisha, kisha ufanye hivyo kwa kila spika.