Kuachana na programu za krak kwenye steshenari

Ukifungua steshenari, fundi wa kompyuta atakuwekea kila kitu: Windows ya krak (isiyolipiwa, iliyovunjwa kufuli la leseni), Office ya krak, na kiprogramu cha kuiamsha ambacho hakikubali mpaka uzime antivirasi. Kwenye mashine hiyohiyo ndipo mteja anapochomeka flashi yenye vyeti vyake. Mimi nilishahama huko, na wewe nakushauri uhame, ila usihame kwa pupa.

Anza kwa kuweka LibreOffice, programu huria ya kuandika hati inayoshika nafasi ya Office, juu ya Windows uliyonayo. Leseni yake inakuruhusu kuiweka kwenye mashine zako zote, kumgawia jirani, hata kuibadilisha na kuiuza, mradi usifiche msimbo (maandishi yanayoiunda programu) wa sehemu ulizobadilisha. Ruhusa kama hiyo ndiyo iliyowawezesha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2004, kutoa Jambo OpenOffice yenye menyu za Kiswahili. LibreOffice ilichipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, na ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Iwashe. Barua ya kuomba kazi ikijaa mistari myekundu, mteja ataona wewe ndiye hujui kuandika.

Kitakachokusumbua hasa, siku ukihamia Linux, mfumo huria unaowekwa badala ya Windows, ni fonti. Mtu analeta CV ya kurasa mbili, kwako inafunguka kurasa tatu, namba ya simu ya mdhamini imebaki peke yake kule mwisho. Imeandikwa kwa Calibri, fonti inayokuja na Windows, nawe huko huna. Weka Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule. Badala ya Cambria weka Caladea, na badala ya Times New Roman, Liberation Serif. Zote ni halali kugawa, na mistari inarudi mahali pake. Hati zenye majedwali mengi bado huweza kuvurugika, kwa hiyo kazi ya kuchapa tu omba PDF. Anayetaka kurudishiwa faili, mhifadhie kwa docx, aina ya faili ya Word; odt, ile ya LibreOffice, itamsumbua huko aendako.

Ukishazoea LibreOffice, ndipo ufikirie hiyo Linux. Windows 10 ilifika mwisho wa masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za mtumba hazikidhi masharti ya Windows 11. Linux Mint, toleo mojawapo la Linux, unaiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Tumia nafasi hiyo kujaribu printa kabla ya lolote. Printa nyingi za HP hukubali bila shida. Fotokopi kubwa isipokubali usilazimishe, bakiza mashine moja ya Windows yenye leseni halali.

Halafu kuna ile virusi inayogeuza flashi nzima kuwa shotikati. Mteja anakuja amekata tamaa. Ichomeke kwenye Linux: mara nyingi faili zake zipo palepale, zilikuwa zimefichwa tu. Nakili, safisha flashi, mrudishie. Na umtoze, hiyo nayo ni kazi.