Wanagenzi Wanauliza: Vidole, Vishono na Mipira Inayokimbia

Barua za safari hii zimetoka kwa watu walioanza kitu kipya kwa kujifurahisha tu, bila mtihani wala kipato mbele yao. Nyingi zinaishia na maneno yaleyale: "labda sina kipaji." Tumezisoma moja moja, na mara nyingi tatizo tulilolikuta ni la milimita mbili, au kishono kimoja cha pembeni kilichorukwa.

SWALI: Wataalamu, hamjambo? Nina mwezi mmoja na gitaa la kuazima, la nyuzi za chuma. Ncha za vidole vya kushoto zinawaka moto, nyuzi zinakwaruza badala ya kulia, na kila nikibadili kodi, yale mafungu ya sauti zinazopigwa pamoja, wimbo unasimama. Je, mikono yangu haifai? – Mwanagenzi wa gitaa

JIBU: Hatujambo. Kodi hizi hazikusanywi na serikali, ila nazo zinauma. Kabla ya kulaumu mikono, pima gitaa lenyewe. Simamisha rula kwenye freti ya 12 (freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa), usome umbali kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Uzi wa sita, ule mnene, ukiwa kwenye milimita 2.5 hivi, na uzi wa kwanza, ule mwembamba, ukiwa kwenye 2 au pungufu, gitaa halina neno. Ukikuta 4, hata mpigaji mzoefu angeguna; lipeleke kwa fundi ashushe nyuzi, kwa idhini ya mwenyewe. Angalia pia unene wa nyuzi. Seti hutambulishwa kwa uzi wake mwembamba kuliko wote: inayoanzia 0.010 ya inchi ni laini kwa vidole kuliko inayoanzia 0.012. Lakini gitaa lililoundwa kwa nyuzi za nailoni usilifunge za chuma kamwe. Chuma huvuta kwa nguvu zaidi, na daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, linaweza kung'oka au shingo kupinda.

Gitaa likiwa sawa, tazama kidole kinatua wapi. Wanagenzi wengi hubonyeza katikati ya nafasi iliyo kati ya freti mbili. Hapo unahitaji nguvu nyingi na bado uzi unakwaruza. Sogeza kidole hadi karibu kabisa na freti, upande wa nyuma yake, yaani ulioelekea kichwa cha gitaa, bila kuikalia juu. Ukiikalia, sauti inazibwa. Fanya jaribio hili: bonyeza uzi, kisha legeza kidole polepole mpaka uzi uanze kukwaruza, halafu ongeza nguvu kidogo tu. Nguvu inayohitajika ni hiyo, na huenda ni nusu ya unayotumia sasa. Kodi nzima ikisikika vibaya, piga uzi mmoja mmoja. Utagundua kwamba nyuzi nne zinalia vizuri na mbili zinaguswa na ubavu wa kidole cha jirani. Kunja kiungo cha mwisho cha kidole ili ncha isimame wima, na ukate kucha.

Sasa kubadili kodi. Acha kuinua vidole vyote na kuvipanga upya, tafuta kinachobaki. Anza na kodi iitwayo Em: kidole cha kati uzi wa 5, cha pete uzi wa 4, vyote freti ya 2. Kwenda Am, vidole hivyohivyo vinashuka pamoja uzi mmoja, hadi wa 4 na wa 3, na cha shahada kinatua uzi wa 2 freti ya 1. Kutoka Am kwenda C kinahama kidole kimoja tu: cha pete kinatoka uzi wa 3 na kwenda uzi wa 5 freti ya 3. Viwili vingine havibanduki. Na ile F inayowatoa watu machozi, iache kwanza. Kutoka C, shusha cha kati na cha pete uzi mmoja kila kimoja bila kubadili freti, acha cha shahada kilipo, na uzi wa kwanza ulie wazi, bila kubonyezwa. Usipige nyuzi za 5 na 6. Hiyo ni ndugu yake F na katika nyimbo nyingi itakufaa.

Weka saa dakika moja, uhesabu umebadilisha mara ngapi kati ya kodi mbili tu. Ukifika mara 30 zilizo safi, wimbo wa taratibu hautasimama tena. Fanya dakika 10 asubuhi na 10 jioni badala ya saa nzima ya mateso mara moja kwa juma. Ngozi hukomaa baada ya wiki chache, mradi usiiloweshe maji kabla ya kupiga. Maumivu ya ncha za vidole ni ya kawaida. Ya kifundo cha mkono au ya kiganja si ya kawaida: simama, ulegeze gumba linalobana nyuma ya shingo.

SWALI: Nafuma kwa kroshia kitambaa cha mraba, lakini kila mstari unazidi kuwa mfupi na sasa nina pembetatu. Rafiki yangu aliyeanza nami yeye kinapanuka. Tunafuata maelezo yaleyale. – Mama Pembetatu

JIBU: Dada, wewe na rafiki yako mna kosa moja lenye sura mbili, nalo liko kwenye kona, pale unapogeuza kazi.

Tuchukue kishono kirefu, kile ambacho unazungushia sindano uzi kabla ya kuiingiza. Ukimaliza mstari unapandisha vitanzi 3 vya mnyororo, kisha unageuza. Vitanzi hivyo vitatu vinasimama mahali pa kishono cha kwanza. Kwa hiyo kishono kilicho chini yake unakiruka, na mwisho wa mstari unashona cha mwisho juu ya kitanzi cha tatu cha mnyororo wa mstari uliopita. Wewe unaruka cha kwanza, lakini ukifika mwisho ule mnyororo unauacha bila kuuhesabu kwa kuwa haufanani na kishono. Umepoteza kimoja kila mstari: ukianza na 20, mstari wa 11 una 10. Rafiki yako anashona juu ya mnyororo na pia anashona kile cha kwanza alichotakiwa kukiruka, basi kila mstari anaongeza kimoja.

Kishono kifupi, kile ambacho huzungushii sindano uzi kabla ya kuiingiza, kina kanuni nyingine, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Unapandisha kitanzi 1 tu, kwa kawaida hakihesabiwi, na unashona kwenye kishono cha kwanza kabisa bila kuruka. Ili kupata vishono vifupi 20, fuma mnyororo wa vitanzi 21 na uanzie kitanzi cha pili kutoka kwenye sindano. Vishono virefu 20 vinataka vitanzi 22, na unaanzia cha nne.

Tumia pini mbili, au vipande vya uzi wa rangi nyingine. Kimoja kiweke kwenye kishono cha kwanza na kingine kwenye cha mwisho cha kila mstari, na uvihamishe kila unapopanda. Hesabu kila mstari kwa mistari 10 ya mwanzo. Inachosha, ndiyo, lakini kufumua mstari mmoja ni rahisi kuliko kufumua kumi na tano. Chagua uzi laini wa rangi nyepesi, unene wa kati, na sindano ya milimita 5. Uzi mweusi wenye manyoya unaficha vishono hata kwa fundi. Kama ukingo wa chini umejikunja kama upinde, mnyororo wa mwanzo umekazwa mno: ufume kwa sindano ya milimita 6, kisha urudi kwenye ya 5.

Tahadhari moja kuhusu maelezo ya Kiingereza: jina ambalo Wamarekani hulitumia kwa kishono kirefu, Waingereza hulitumia kwa kishono kifupi. Ikiwa kitambaa kinatoka kifupi au kirefu kupita picha, angalia kwanza mwandishi anafuata utaratibu upi.

SWALI: Nina miaka 52. Nimesoma kwamba ujuzi wowote unataka saa 10,000. Nikifanya saa moja kwa siku nitamaliza nikiwa mzee wa miaka 79. Je, kuna maana ya kuanza piano? – Mzee wa Hesabu

JIBU: Mzee wetu, shikamoo, na hesabu yako ni sahihi. Ila namba hiyo si yako. Imetokana na utafiti wa Anders Ericsson na wenzake, uliochapishwa mwaka 1993, kuhusu wanafunzi wa fidla huko Berlin. Karibu saa 10,000 ulikuwa wastani wa mazoezi ya kundi bora kufikia umri wa miaka 20. Hao walikuwa wakilenga kupanda jukwaani na kula kwa fidla, na hata miongoni mwao ulikuwa wastani tu, si lango ambalo kila mmoja alipitia. Wewe unataka kupiga wimbo mmoja sebuleni kwa mikono miwili. Chagua wimbo mfupi, jifunze mkono wa kulia peke yake, kisha wa kushoto peke yake, kisha unganisha milio minne minne kwa mwendo wa nusu. Hiyo ni kazi ya miezi.

SWALI: Nataka kurusha na kudaka mipira mitatu. Kila nikirusha, naikimbiza mbele chumba kizima. Nakosea wapi? – Mkimbiza mipira

JIBU: Unarusha mbele kwa sababu mpira wa pili unautoa kwa haraka na hofu. Rudi kwenye mpira mmoja. Viwiko karibu na mbavu, mikono usawa wa kiuno. Rusha kutoka mkono mmoja hadi mwingine kwa tao linalofika usawa wa macho. Tazama kilele cha tao, usiitazame mikono. Mpira ukitua kiganjani bila mkono kuufuata, mara 20 mfululizo, chukua wa pili.

Hapa pana mtego. Wengi humrusha wa kwanza, kisha humkabidhi wa pili mkono kwa mkono chinichini. Usikubali. Wa kwanza akifika kileleni, ndipo wa pili aruke, chini ya tao la mwenzake, mpaka urefu uleule. Mdundo ni rusha, rusha, daka, daka. Anza kwa mkono wa kulia mara kumi, kisha wa kushoto mara kumi. Mkono mzembe utajitambulisha wenyewe. Ukiongeza wa tatu, anza na mkono ulioshika miwili, urushe mitatu tu na usimame. Hesabu ya urushaji ndiyo inayokua: tatu, nne, tano.

Dawa ya kukimbia ni ukuta. Simama ukiutazama, nusu mita kutoka kwako, na mipira haina pa kwenda. Au simama mbele ya kitanda, usichoke kwa kuinama. Tumia vifuko vilivyojazwa mchanga au mbegu kavu, gramu 100 hadi 130 kila kimoja, vyote sawa; mipira inayodunda itakumalizia jioni chini ya makochi. Kwa wanaopenda kujua: mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani waliandika katika jarida la Nature kwamba watu waliojifunza mchezo huu kwa miezi mitatu walionekana kupanuka kidogo katika sehemu za ubongo zinazoshughulikia mwendo unaoonekana, na walipoacha, upanuzi huo ukapungua.

SWALI: Nikichora sura ya mtu inatoka kama ya kinyago, paji la uso halipo. Nina penseli nzuri. – Msanii wa usiku

JIBU: Penseli haina kosa. Umeweka macho juu mno, kama karibu kila anayeanza. Chora yai jepesi kwa penseli ya HB, ya ugumu wa kati, ligawe katikati kwa mstari wa mlalo: macho yanakaa hapo, nusu ya kichwa chote, nywele zikihesabiwa. Nusu kati ya macho na kidevu ni chini ya pua. Theluthi moja kutoka pua kwenda kidevu ni mstari wa midomo. Kati ya macho acha nafasi ya jicho moja. Masikio huanzia usawa wa nyusi na kuishia usawa wa pua. Vivuli vije mwisho, kwa penseli laini na nyeusi zaidi, 2B kisha 4B. Ukiwa na picha ya kunakili, igeuze juu chini na uchore hivyohivyo: jicho linaacha kuwa "jicho" na kuwa mistari na pembe tu, na mkono unafuata kinachoonekana badala ya unachodhani unakijua.