Barua kwa mwanangu: kunguru hana nyusi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliipata Jumamosi, pamoja na picha ya mchoro uliyonitumia kwenye simu. Unaniuliza kwa nini kunguru wako, ambaye umemrudia mara tano ukitaka kumpambia mjukuu wangu ukuta wa chumba, anaonekana mzima lakini hana tabia, na hiyo tabia huwekwa sehemu gani ya mchoro. Nimecheka, kwa sababu mimi mwenyewe nilichora ndege ubaoni kwa zaidi ya miaka ishirini nikifundisha biolojia, mdomo hapa, bawa pale, mishale ya majina imenyooka, na sikumbuki hata mmoja ambaye ungemdhania anaweza kuiba dagaa.

Anza kwa kufuta nyusi. Umemkunjia uso na kumwekea tabasamu kwenye pembe ya mdomo, na matokeo yake ni mtu aliyevaa manyoya. Mdomo wa kunguru ni mgumu kama pembe. Haucheki wala haununi.

Juzi asubuhi nilitoa kigoda uani, nikaweka daftari mapajani, dagaa nimewaanika kwenye ungo hatua nne kutoka nilipokaa. Kunguru alitua juu ya ukuta wa jikoni. Hakuwatazama dagaa kabisa: aliutazama mpapai, akalitazama dirisha, akanoa mdomo kwenye tofali, kulia na kushoto, kama mchinjaji asiye na haraka, na kila alipomaliza jambo moja alikuwa amesogea kiubavu kuelekea ungoni. Mwili ulikuwa umelala mbele, mkia umeinuka kidogo, manyoya ameyabana hata akaonekana mwembamba kuliko alivyo, na mguu mmoja ulikwisha kwenda wakati mwingine bado unasita. Nilipokohoa alirudi nyuma kwa mruko mmoja, lakini hakuondoka. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Wizi wote ulikuwa mgongoni na miguuni.

Kichwa nacho kina kazi yake. Macho ya ndege hayazunguki sana ndani ya matundu yake kama yetu, kwa hiyo akitaka kukuchunguza hana budi kugeuza kichwa kizima, na mara nyingi hukutazama kwa jicho moja, kichwa kimeinama upande. Wewe umemchora akikodoa macho yote mawili mbele kama anayepigwa picha ya pasipoti. Mgeuze. Jicho likae nyuma ya pembe ya mdomo na juu yake kidogo, nawe uache humo nukta ndogo nyeupe ya mwanga, kwa sababu bila nukta hiyo jicho jeusi kwenye kichwa cheusi hugeuka kuwa shimo.

Miguu umeikosea kama walivyoikosea wanafunzi wangu wote. Hilo unaloliona kuwa goti linalokunjika kinyume ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limejificha ndani ya manyoya, karibu na tumbo. Ukilikumbuka hilo utaacha kuichomeka miguu chini ya mwili kama vijiti vya mshikaki, na utaona kwamba inakunjika, inachuchumaa, inajiandaa. Kisha shusha mstari wa wima kutoka penye uzito wa mwili: usipoangukia kwenye vidole, ndege wako anaanguka, na atakayemtazama atalihisi hilo hata asipoweza kulieleza. Wahenga waliosema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake walimchora kwa maneno matano, na wala hawakutaja uso.

Tena amua ni kunguru yupi, maana kwenye karatasi yako umewachanganya wawili. Mwenye shingo na kifua cheupe, kama aliyevaa fulana, ni wa kwetu tangu zamani. Huyu wa hapa Tanga mwenye shingo ya rangi ya majivu aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji. Takataka akala, kisha akageukia mayai na makinda ya ndege wengine, na sasa ameenea pwani. Mimi simpendi, ameniibia sabuni mbili mwezi huu, lakini ndiye ningekushauri umchore, kwa sababu anasimama kwenye ukuta wa watu kama mgeni aliyeshika hati ya nyumba.

Umetaja ndege wa Edward Saidi Tingatinga, kwamba wana uhai ilhali miguu yao haifuati kitabu. Ni kweli. Yule alianza mwaka 1968 Dar es Salaam, akitumia rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao, na hadi alipofariki mwaka 1972 aliweza kujaza ubao mzima kwa mnyama mmoja bila mkono kusita. Alikuwa na mkao wa mnyama kichwani kabla ya kugusa rangi. Sisi bado tunautafuta, basi tutazame kwanza.

Usianze tena na mdomo. Vuta mstari mmoja kutoka utosini hadi ncha ya mkia, huo ndio mgongo na ndio nia yake. Kisha mwili, miguu, na jicho liwe la mwisho. Ndege hatakusubiri, kwa hiyo weka michoro mitatu au minne kwenye ukurasa mmoja, na kila akirudia mkao fulani uurudie mchoro wake. Kunguru hurudia sana. Kifutio kiache ndani.

Nimekuambatishia picha ya wangu wa juzi. Mkia nimeukosea, na ungo unafanana na sahani, lakini mtazame mguu wa nyuma.

Msalimie mjukuu wangu.

Mama yako