Jibu kwa aliyeuliza: Baba ana Parkinson, usiku anapiga mateke na kutukana

Mdogo wangu, umeuliza mambo matatu: kwa nini baba yako anampiga mama yako usingizini, kama dawa za Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mikono na kukakamaza mwili, ndizo zimeleta balaa hili, na kama akili imeanza kumtoka. Mimi si daktari. Nimeolewa na mwenye ugonjwa huo huo, na mateke ya usiku nayajua kwa mbavu zangu.

Naanza na mama yako, maana ndiye aliyeumia. Mwambie mzee hana kinyongo naye. Mtu akifika kwenye usingizi wa ndoto, ule ambao macho huchezacheza chini ya kope, ubongo huilegeza misuli karibu yote ya mwili, ikabaki ya kupumulia na ya macho. Ndiyo maana wewe ukiota unakimbizwa hutimki kitandani. Kazi hiyo hufanyika kwenye shina la ubongo, na kwa wengi wenye Parkinson ugonjwa umeshafika hapo. Breki haishiki, mtu anaitenda ndoto yake. Inakadiriwa theluthi moja hadi nusu ya wagonjwa wana tatizo hili, kwa hiyo si kioja cha nyumba yenu tu.

Na ndoto zenyewe nyingi ni za kushambuliwa. Usiku mmoja mume wangu alinitandika ngumi ya jicho. Alipozinduka akasema alikuwa anamfukuza mbwa aliyetaka kunirarua. Yaani nimepigwa kwa kutetewa! Tulicheka, ila jicho lilivimba vilevile.

Kuna jambo jingine linalowachanganya ndugu. Mchana mume wangu sauti yake ni ya kunong'ona, hatua zake fupi, vifungo vya shati tunamsaidia. Usiku ananguruma, na ngumi zinakwenda kwa kasi ya kijana. Shemeji yangu mmoja aliposikia hayo akasema basi mchana anajidekeza. Hapana. Watafiti wa usingizi wamewarekodi wagonjwa wakiwa ndani ya ndoto hizo na kuona kwamba mwendo wao huwa mwepesi na sauti hupanda, halafu wakiamka ule uzito unarudi palepale. Mzee wenu asije akahukumiwa kwa hilo.

Dawa sasa. Kwetu mateke yalitangulia miaka mingi kabla mkono haujaanza kutetemeka, hajameza hata kidonge kimoja. Hilo linajulikana: Schenck na Mahowald, madaktari wa Minnesota nchini Marekani walioueleza ugonjwa huu wa kutenda ndoto usingizini kwa binadamu mwaka 1986, waliendelea kuwafuatilia wagonjwa wao, na baada ya miaka wengi wao wakapata Parkinson au magonjwa ya ubongo yanayofanana nayo. Dawa za kuzitilia shaka zaidi ni baadhi ya zile za sonona, zinaweza kuyaamsha mateke au kuyazidisha. Kama baba yako anazitumia, mtajieni daktari, lakini msizikatize wenyewe. Levodopa, dawa kuu ya Parkinson, ndiyo msiiguse kabisa: kuikata ghafla kunaweza kumkakamaza mtu na kumpandisha homa kali, na hapo ni dharura ya kukimbilia hospitali.

Kuhusu akili, ndoto za vurugu si sawa na kuchanganyikiwa. Mwenye tatizo hili kwa kawaida macho yake yamefumba, na ukimwita anazinduka upesi, anajua yuko wapi, mara nyingi anakusimulia alichokuwa anaota. Huja zaidi kuelekea alfajiri, kwa sababu usingizi wa ndoto umejaa nusu ya pili ya usiku. Akiwa macho wazi anaongea na watu msiowaona, hilo ni suala lingine. Linaweza kutokana na ugonjwa au na dawa zake, na daktari aambiwe mapema. Tena wapo wanaokoroma, pumzi inakatika, kisha wanashtuka wakirusha mikono. Kwa mtu aliyelala pembeni vyote vinafanana, na ndiyo maana uhakika hupatikana kwa kipimo cha kulala usiku mzima kwenye maabara ya usingizi. Kama hakipatikani karibu, mrekodini kwa simu. Mpelekeeni daktari hiyo video bila kusubiri awaulize, maana kliniki huuliza mno habari za mikono na miguu, usiku wanausahau.

Ya kufanya leo hii, kabla hata ya daktari: mama yako alale kitanda kingine, na asijisikie vibaya. Ondoeni meza na taa kando ya kitanda, chochote chenye ncha au kioo, kitanda kiwe mbali na dirisha, tandikeni godoro sakafuni upande anaoangukia. Kumfunga asitembee ni hatari, msithubutu. Akianza, msimshike mikono. Kwenye ndoto yake mtakuwa ndio adui. Simameni mbali mumwite jina.

Tiba zinazotumika sana ni mbili, melatonini, homoni ya usingizi, na klonazepamu, dawa ya kutuliza. Hiyo ya pili huwafaa wengi, ila humwachia mzee uzito asubuhi, huongeza hatari ya kuanguka, huweza kudumaza kumbukumbu, na kwa anayekatika pumzi usingizini inaweza kumzidishia. Mume wangu anakoroma hivyo, kwa hiyo daktari alianza na melatonini, dozi ikapandishwa polepole. Kelele hazijaisha. Ngumi zimepungua sana, na hicho ndicho nilichokuwa nakitaka.

Mwisho ulitaja kwamba mchana anasinzia mezani. Usidhani ni usiku mbovu tu. Dawa za Parkinson kama pramipeksoli na ropiniroli zinaweza kumwangusha mtu usingizini ghafla, hata katikati ya maongezi. Angalieni kama ziko kwenye karatasi yake ya dawa, na kama bado anaendesha gari, asiguse usukani mpaka daktari aseme. Mtagombana juu ya funguo, sisi tuligombana sana.