Maswali yenu: mkaa wa kopo, umeme wa Ethiopia na maji ya Rufiji

Wiki mbili zilizopita niligusia hapa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, ule uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 8, 2024. Lengo lake ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mwaka 2021 waliokuwa wakifanya hivyo walikuwa asilimia 6.9. Meseji zimeingia nyingi kuliko nilivyotegemea, na karibu nusu ni za kina mama wa Dar es Salaam wanaouliza jambo lile lile. Naanza na wao.

Shikamoo. Nakaa Mbagala, mume wangu anaishi kwa vibarua. Mkaa nanunua wa 1,500 kila siku. Kujaza mtungi mdogo wa gesi hapa kwetu ni 24,000. Nikiambiwa niache mkaa, hiyo 24,000 naitoa wapi?

Marahaba, mama. Tupige hesabu kwanza. Mkaa wa 1,500 kwa siku ni 45,000 kwa mwezi. Mtungi wa kilo 6 ukikaa wiki tatu, mwezi unakutoka kama 34,000, umeokoa elfu kumi na moja. Ukiuchemshia maharage na makande, ukaisha ndani ya wiki mbili, unafika 51,000 na umekula hasara. Kwa hiyo anayesema gesi ni nafuu anasema kweli, na jirani yako anayesema gesi ni ghali naye hadanganyi. Inategemea sufuria ina nini.

Ndiyo maana ukiingia nyumba nyingi za Dar utakuta mtungi ndani, wa chai na kupasha kiporo, na kibarazani jiko la mkaa lina sufuria ya maharage, chini nyeusi kwa masizi, mfuniko umekandamizwa kwa jiwe. Mwenye nyumba hiyo takwimu zinamweka wapi? Mimi ningemhesabu nusu.

Ila nadhani hujaniuliza bei, umeniuliza mfuko. Mkaa unapimwa kwa kopo. Ukiwa na jero unapata wa jero, ukiwa na elfu unapata wa elfu, na muuzaji akikufahamu hata leo huna atakuandika. Mtungi hauna lugha hiyo. REA, Wakala wa Nishati Vijijini, imekuwa ikiuza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya nusu bei, na wengi wameipata, lakini ruzuku ile inakusaidia kuupata mtungi mara ya kwanza tu. Ukiisha unarudi kwenye 24,000 yako. Nimeshaona mtungi wa ruzuku ukikaliwa kama stuli. Kwa maoni yangu pesa ile ingefanya kazi zaidi kwenye mita za gesi, zile zinazofungwa kwenye mtungi ukalipia kidogokidogo kwa simu. Dar zipo miaka kadhaa sasa, na huo ndio mfumo unaofanana na kopo la mkaa. Kuhusu maharage, usiondoke, nitakurudia mwishoni.

Mimi ni wa Mtwara. Gesi inachimbwa kwetu. Imekuwaje mtungi huku unauzwa ghali kuliko Dar?

Kwa sababu ni gesi mbili tofauti. Ya Mnazi Bay hapo kwenu, na ile ya Songo Songo kule Kilwa, ni methani. Methani haikubali kuwa kimiminika kwa kushindiliwa tu kwenye mtungi wa nyumbani, ni mpaka ipoozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Inayojazwa kwenye mitungi ni propani na butani, na hiyo tunainunua nje. Inakuja kwa meli, inashushwa Dar es Salaam na Tanga, halafu inapakiwa kwenye lori kuja kwenu. Wakati huohuo gesi yenu inapita kwenye bomba kwenda Kinyerezi, Dar es Salaam, kufua umeme. Zinapishana njiani.

Njia ya kuipikia gesi ya Mtwara ni bomba hadi jikoni. Nyumba zilizounganishwa Mtwara, Lindi na Dar es Salaam zipo, ila bado ni chache mno. Mngedai hilo kuliko kudai mtungi ushuke bei.

Gesi ya mtungi ni zao la mafuta ya ardhini. Sasa usafi wake uko wapi? (Mwanafunzi, Dodoma)

Uko kwenye mapafu ya anayepika. Neno "safi" linabeba maana mbili na serikali haijisumbui kuzitenganisha. Ya kwanza ni ya moshi wa jikoni, unaotajwa na serikali kuwa unaua watu wapatao 33,000 kwa mwaka nchini. Ya pili ni ya hewa ukaa. Kwa maana ya kwanza gesi ni safi bila ubishi. Kwa maana ya pili si safi, ila kwa nchi ambayo mkaa wake unatokana na miti isiyopandwa tena, kupikia gesi bado ni afadhali kuliko kukata mti.

Nasimamia jiko la shule ya bweni yenye wanafunzi 600. Kuni tumekatazwa, pesa ya mitambo hatujapewa. Tufanyeje?

Katazo la taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku lilianza Januari 2024, na wengi wamekwama hapohapo ulipokwama wewe. Jeshi la Magereza lilitoka kwa sababu lilikaa mezani na REA wakatiliana saini ya mradi mzima. Shule moja moja haina nguvu hiyo, kwa hiyo nendeni kupitia halmashauri mkiwa shule kadhaa pamoja. Biogesi msiitegemee peke yake: vyoo vya wanafunzi 600 haviwezi kusongea ugali wa wanafunzi 600. Mkiwa na ng'ombe, hesabu inabadilika.

Mtaletewa pia mkaa mbadala. Soma karatasi yake kabla ya kushangilia. Ule wa Rafiki, unaotengenezwa na STAMICO, shirika la madini la taifa, unatokana na makaa ya mawe ya Kiwira. Unaokoa miti, hilo silipingi. Lakini makaa ya mawe kuitwa nishati safi, hapo Kiswahili chetu kimeonewa.

Tuna Bwawa la Nyerere, megawati (MW) 2,115. Kwa nini sisi wa Moshi tununuliwe umeme wa Ethiopia?

Tangu Rais alipoutaja mpango wa kununua umeme huo akiwa Kilimanjaro, Machi 2025, watu wamelichukulia kama aibu. Mimi sioni aibu. Naona ramani.

Bwawa liko Rufiji, kusini mashariki. Umeme wake unatoka kwa waya wa kilovolti 400 hadi Chalinze, na kutoka hapo ndipo safari inapoanza kuwa ndefu. Umeme ukisafirishwa mbali unapungua njiani. Baadhi unageuka joto kwenye nyaya, na huku mwisho wa laini mnapata ule unaowasha taa ikawa na rangi ya chungwa. Ninyi wa kaskazini mko mwisho wa laini. Upande wa pili, njia ya kilovolti 400 kutoka Singida kupitia Arusha na Namanga hadi Isinya, Kenya, iliwashwa Desemba 2024. Kenya nayo imeungwa na Ethiopia kwa waya wa zaidi ya kilomita 1,000 unaoishia Suswa, na tangu Novemba 2022 inanunua huko MW 200. Ni mtungo mmoja. Hii ndiyo maana ya umoja wa gridi za Afrika Mashariki ulioanzishwa 2005 na kubaki kwenye makaratasi kwa miaka mingi.

Tena si jambo geni. Kagera imekuwa ikitumia umeme wa Uganda kwa miaka, Sumbawanga ilitumia wa Zambia, na hatukuandika kwenye mitandao kwamba nchi imeuzwa. Maporomoko ya Rusumo, MW 80, tumegawana sisi, Rwanda na Burundi, karibu MW 27 kila mmoja. Waya wa kutuletea umeme wa Ethiopia ndio utakaopeleka wa Rufiji Nairobi siku ukizidi. Na unazidi: mwanzoni mwa 2024, mtambo wa kwanza wa bwawa ulipoanza, TANESCO ililazimika kuzima vituo kadhaa kwa sababu hakukuwa na wa kuutumia wote.

Cha kuuliza ni mkataba: bei ya uniti, miaka mingapi, na kama tunalipia hata tusipotumia. Hayo wabunge wayaulize kwa sauti.

Umeme wa maji haumalizi mafuta wala hautoi moshi. Mbona unaandika kama vile una wasiwasi nao? (Msomaji, Iringa)

Kwa sababu wewe wa Iringa unaujua Mto Ruaha Mkuu, na unajua unavyokuwa Novemba.

Mto ule unatoka nyanda za Mbeya na Njombe, unaingia Usangu, unatulia kwenye ardhi oevu ya Ihefu, kisha unashuka kwenda Mtera, MW 80, halafu Kidatu, MW 204. Baada ya hapo unaingia Rufiji. Kihansi, MW 180, iko kwenye kijito cha Kilombero, na Kilombero ndio unaoleta maji mengi kuliko wote Rufiji. Sasa panga mabwawa yako: Mtera, Kidatu, Kihansi, Nyerere. Yote bonde moja. Mvua ikikosa kwenye safu moja ya milima, vituo vyetu vinne vikubwa vya maji vinakohoa pamoja. Mgao wa 2006, wa 2011 na wa 2022 hatujausahau, na wakati huo angalau gesi ilikuwa inabeba sehemu kubwa ya mzigo.

Tangu miaka ya tisini Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Si mvua peke yake. Ni mifereji ya mpunga ya Mbarali, huko Usangu, inayoendelea kuchukua maji hata mpunga ukiwa umeshavunwa, ni mifugo, ni kilimo cha vinyungu, yale mashamba ya mabondeni, hadi kwenye chemchemi. Mkulima wa Mbarali hajawahi kuambiwa kwamba mfereji wake ni sehemu ya mtambo wa umeme, na anapoambiwa, anaambiwa na mgambo anayemtoa. Nilipita Igawa, hukohuko Mbarali, mwezi wa kumi mwaka mmoja. Kijana alikuwa anafunga lango la mfereji kwa magunia ya mchanga na nguo kuukuu, maana lile la chuma lilishaota kutu likagoma. Maji yalikuwa yanapita pembeni yanaingia kwenye shamba lililokwishavunwa, hakuna hata bata. Lango lile likitengenezwa tumepata nishati safi, lakini sijaliona kwenye hotuba yoyote.

Sisemi bwawa lisingejengwa. Nasema jua la Kishapu, Shinyanga, linalojengwa kwa MW 150, lisichukuliwe kama pambo, na upepo wa Singida uliokaa kwenye mipango miaka nenda rudi uanze kuzunguka kitu. Jua linawaka zaidi hasa kipindi ambacho Mtera imekauka. Vinakamilishana.

Na usafi una deni lake pia. Muulize chura wa Kihansi, aliyekuwa akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko yale na si mahali pengine popote duniani. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakaisha, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini.

Huku Kenya twaambiwa umeme wetu karibu asilimia 90 ni safi: mvuke wa Olkaria, upepo wa Turkana, maji. Mbona tokeni ni ghali hivi? (Mombasa)

Mvuke na upepo ni bure, mkopo si bure. Mitambo ilijengwa kwa dola, mikataba mingi inalipa uwezo wa mtambo hata usipotumika, na juu yake kuna kodi na umeme unaopotea njiani. Mashamba ya upepo ya Turkana, mitambo 365 ya jumla ya MW 310, yalikamilika kabla ya waya wa kuyaunganisha, na Kenya ikatozwa fidia ya mabilioni kwa upepo uliovuma bure. Bili hizo hazilipwi na waziri.

Jiko la umeme la presha linakula uniti ngapi? Naogopa LUKU. (Wengi, sehemu mbalimbali)

Nilipima mwenyewe, Jumapili. Nusu kilo ya maharage, hayakulowekwa. Nilisoma mita, nikazima friji na kila kitu, nikapika, nikasoma tena. Nusu uniti na kidogo. Kwa bei ya kawaida ya 292, ukiweka kodi na tozo inakuwa 356, maharage yale yalinigharimu kama shilingi 200. Mama wa Mbagala, hilo ndilo jibu lako la maharage. Jiko la koili la kawaida usiliguse kwa kazi hiyo, litakula uniti mbili na zaidi.

Tatizo liko kwenye bei ya wanyonge. Mteja mdogo analipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, zinazozidi anatozwa 350, na akizoea kuvuka anahamishwa kundi. Friji ndogo ni kama uniti 30, taa na televisheni kama 20. Akianza kupika kila siku anaongeza 30, ameshavuka. Yaani wizara inamwambia apikie umeme, na bei inamwadhibu akitii. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ikipandisha kikomo hicho kwa wanaopikia umeme, majiko yatauzika yenyewe.

Na ninyi wapangaji mnaochangia LUKU moja, kaeni kikao kwanza kabla ya kuleta jiko. Nyumba tuliyokuwa tunakaa zamani, mita moja vyumba sita, kulikuwa na karatasi ukutani: pasi Jumamosi tu, jiko la umeme marufuku. Karatasi hiyo ilikuwa na nguvu kuliko mkakati wowote.