Paka kamwaga maziwa, mume ataka aondoke

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa mtoto wa kiume wa miaka miwili na nusu. Mume wangu ni mhasibu na kazi zake anafanyia nyumbani. Mimi pia nafanyia kazi nyumbani, nahariri maandishi ya watu. Tuna paka niliyekuja naye kwenye ndoa, sasa ana miaka tisa. Hapendi kulala popote ila juu ya kibodi, na akifukuzwa kwa baba anakuja kwangu. Mtoto naye ameiga: akituona tumeketi anakuja kupiga vitufe kwa viganja. Ili tupate saa mbili tatu za kazi tunampa kishikwambi aangalie katuni, na siku hizi tukikichukua analia mpaka anatapika.*

*Wiki mbili zilizopita paka aliruka kutoka mezani akapiga kikombe cha mtoto, maziwa yote yakaingia kwenye laptopu ya mume wangu. Tuliizika kwenye mchele usiku kucha. Asubuhi akaiwasha, ikawaka kidogo, ikazima, na mpaka leo haijawaka. Hesabu za wateja za miezi miwili zilikuwa humo tu. Siku hiyo hiyo paka akamkwaruza mtoto mkononi kwa kuvutwa mkia. Mume wangu amesema nichague: paka aondoke, au yeye ahamishie kazi kwingine na tuwe tunaonana usiku. Mtoto naye anafungua kila kitu, juzi tumemkuta na kibetri cha rimoti mdomoni, lakini hayo ni mambo ya utoto, si ya kukusumbua nayo. Nifanye nini? Jina langu usilitaje, mume wangu anaisoma safu yako.*

*Mama wa Kati*

Marahaba, mwanangu.

Umeniandikia barua ndefu juu ya paka, na karibu na mwisho ukapitisha sentensi moja haraka haraka kama mtu anayepita msibani bila kutoa pole. Nitaanza na hiyo.

Kibetri si mambo ya utoto. Zile betri bapa za duara, zinazokaa kwenye rimoti, saa, vitu vya kuchezea vyenye sauti na hata ndani ya kompyuta za mezani, ni miongoni mwa vitu vidogo vya hatari kabisa nyumbani mwenye mtoto. Aina iliyozoeleka huandikwa CR2032: upana wake milimita 20, unene milimita 3.2, nguvu volti 3. Upana huo unatosha kukwama kwenye njia ya chakula ya mtoto mdogo. Ikikwama haihitaji kupasuka wala kuvuja. Unyevu wa mwili unaunganisha umeme, na upande mmoja wa betri unaanza kutengeneza kemikali kali inayounguza nyama laini ya koo. Saa mbili tu zinatosha kuleta jeraha baya sana. Hata ile mliyoitupa kapuni mkisema imekwisha bado ina umeme wa kufanya kazi hiyo. Mtoto anaweza asionyeshe kitu cha maana: anakohoa, udenda unamtoka, anakataa chakula, nanyi mnasema ni mafua. Mkishuku tu kwamba amemeza, ni hospitali papo hapo apigwe eksirei. Msimtapishe, wala msikae kungoja itoke chooni.

Kwa hiyo weka simu chini uende ukaangalie kama kifuniko cha rimoti kina skrubu. Kama hakina, kizungushie utepe wa gundi na rimoti ikae juu asikofika.

Umerudi? Haya. Sasa nikuulize: kibetri kilipoonekana mdomoni, nani alimgombeza nani? Barua yako haisemi. Maziwa yalipomwagika kwenye mashine, ndoa imeyumba. Nimeisoma barua hii mara tatu na bado jambo hilo linanikereketa.

Tuje kwenye mashine. Mchele hauna kosa, ila hauna msaada pia. Haunyonyi kitu kilichokwisha kuingia chini ya kibodi, na maziwa ni mabaya kuliko maji kwa sababu yakikauka yanaacha sukari na mafuta yanayoganda juu ya saketi. Laptopu ikimwagikiwa, unachomoa chaja, unaizima kwa kushikilia kitufe cha kuwashia hata kama kazi haijahifadhiwa, unaifungua na kuiegemeza kichwa chini kama hema, betri ikiwa ya kuchomoka unaichomoa, kisha unampelekea fundi aifungue na kuisafisha. Kuiwasha "kuona kama imepona" ndiyo hatua ya hatari kuliko zote, kwa sababu umeme unapita mahali pabichi. Huenda maziwa aliyomwaga paka yasingeiua. Ile asubuhi ndiyo naishuku zaidi, na asubuhi hiyo paka hakuwepo mezani.

Habari njema ni kwamba laptopu ikifa, diski yake huenda bado ni nzima. Mashine nyingi zina diski inayofunguliwa kwa skrubu chache na kuunganishwa kwenye kompyuta nyingine, mafaili yakasomwa. Kwenye baadhi ya mashine mpya diski imechomelewa moja kwa moja kwenye bodi, hapo kazi inakuwa ngumu na ya fundi mbobezi. Kama diski ilikuwa imefungwa kwa usimbaji, yaani mafaili yamefichwa yasisomeke na asiye na ruhusa, mtahitaji ufunguo wa kurejesha, ule mlolongo mrefu wa tarakimu ambao mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti aliyoandikisha mashine ikiwa mpya. Autafute kabla ya kwenda. Na asiiwashe tena hata mara moja.

Watu wa kompyuta wana kanuni wanaiita 3-2-1: nakala 3 za kila faili la maana, kwenye vyombo vya aina 2 tofauti, na nakala 1 iwe nje ya nyumba. Diski ya nje moja na nafasi ya kuhifadhi mtandaoni vinatosha. Mumeo ni mhasibu. Angemfanyaje mteja anayebeba risiti zote za mwaka kwenye mfuko mmoja wa suruali?

Sasa paka, ambaye kesi yake nimeichelewesha makusudi. Paka hakai kwenye kibodi kwa ubishi. Mwili wake unastarehe kwenye joto la nyuzi 30 hadi 38, ambalo mimi na wewe tungekuwa tunajipepea. Nyumba nzima kwake ni baridi, na pale mezani kuna kitu cha bapa, cha moto, na pembeni yake kuna mikono ya mtu anayempenda. Weka boksi la karatasi lenye blanketi mezani kando ya laptopu, upande ule feni inakotoa joto lakini lisiizibe. Akiingia mwenyewe, mpapase. Akipanda kibodi, mwinue kimya kimya umrudishe bila kelele, maana hata kufokewa kwake ni kuangaliwa. Chukueni pia mazoea ya kufunga kifuniko kila mnapoinuka, au kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi L kioo kijifunge, kama mashine ni ya Windows. Miguu minne imeshatuma barua pepe nyingi duniani ambazo hazikukamilika.

Na kikombe, jamani. Kwenye meza yenye mashine, kikombe kiwe na kifuniko au kisiwepo.

Mwanao naye anafuata kile kile anachofuata paka, ila yeye hatafuti joto. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga, halafu kwa dakika chache wawatazame kwa uso mkavu usiojibu lolote. Watoto walitabasamu, wakanyoosha mikono, wakapiga kelele, wakajaribu kila walichojua, kisha wakageuza uso au kulia. Wako ni mkubwa kuliko wale, lakini uso wa mtu anayesoma jedwali la hesabu ni uso mkavu hasa. Mtoto ameona macho ya baba yanakwenda kwenye kibodi, naye ameenda kukaa pale macho yalipo. Kumwambia "usiguse" hakumwonyeshi pa kwenda. Mpe kibodi mbovu isiyo na betri, waya wake mmeukata, aandike barua zake chini kwenye mkeka. Muhimu zaidi, kabla hujafungua mashine mpe robo saa kamili, umekaa naye sakafuni, simu iko chumba kingine. Utashangaa robo saa hiyo inavyonunua nusu saa ya utulivu. Haitanunua saa tatu, nisikudanganye.

Kishikwambi mnakijua wenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka miwili asikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Ninyi mnampa saa mbili tatu kwa mkupuo. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, nami naona mmeanza kulia. Msikikate siku moja. Amueni saa ileile kila siku, katuni fupi mbili, ya pili ikiisha kinazimwa na kinawekwa kwenye kabati yeye mwenyewe akiona. Mwambie kabla haijaanza kwamba baada ya hii ya pili mnakwenda kumwekea paka maji. Mtoto wa umri huo habebi "imetosha", ila anabeba "sasa tunakwenda". Siku za mwanzo atalia, kaa karibu yake, usimrudishie. Akizidi kutapika, hasa hata siku ambazo hakulia, mpeleke kwa daktari amwone.

Kuhusu kukwaruzwa, paka aliyevutwa mkia kisha akatumia kucha badala ya meno amejizuia. Kabla ya kukwaruza, paka husema: mkia unachapa huku na huku, masikio yanalala nyuma, ngozi ya mgongo inatetemeka. Mtoto hawezi kusoma hayo, kwa hiyo msomaji ni ninyi. Mfundishe kumpapasa kwa kiganja wazi, mgongoni, kufuata manyoya, mkono wako ukiwa juu ya wake. Mpe paka rafu ya juu ambayo mtoto hafiki. Mkwaruzo unaoshwa kwa sabuni na maji mengi. Akimng'ata, osheni kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto aonwe na daktari siku hiyo hiyo, maana meno ya paka yanachoma ndani sana, na kama paka hajachanjwa kichaa cha mbwa jambo ni la haraka zaidi. Chanjo yake ni ya lini? Hukuniambia.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika. Wewe una kazi na mumeo ana kazi, saa zilezile, nyumba ileile. Saa mnazofanya kazi wote wawili, anayebaki na mtoto ni kishikwambi na paka, na paka hajaajiriwa. Akiondoka kesho, kikombe kitapigwa na mtoto, au na kiwiko cha baba. Kaeni na karatasi mgawane siku kwa zamu: mmoja yuko kazini kweli, mlango umefungwa, na mwenzake yuko na mtoto kweli, mashine imezimwa. Usingizi wa mchana wa mtoto uwe wa wote wawili kufanya kazi. Saa zikipungua, na zitapungua, basi jambo la kujadili ni mtu wa kuwasaidia kulea au kazi za kukataa. Hayo ni mazungumzo magumu kuliko ya paka, ndiyo maana mmezungumza ya paka.

Na wewe una lako. "Paka niliyekuja naye kwenye ndoa" ni maneno ya mtu aliyeweka mpaka. Akifukuzwa kwa baba anakuja kwako, nawe, nadhani, unampokea kwa namna ambayo baba anaiona. Mruhusu mumeo aseme kwamba amechoka manyoya kwenye mashine bila kuchukulia kwamba amekutukana wewe.

Simkubalii sharti lake la kuchagua, lakini nalielewa. Mtu aliyepoteza kazi ya miezi miwili anaogopa, na hofu hutafuta pa kutua. Paka ni mdogo kuliko mke, na hajibu.

Nawe baba mtu, kwa kuwa nimeambiwa unasoma: hiyo laptopu itoe pale ulipoiweka, usiiwashe, mpelekee fundi na umwambie unachotaka ni diski tu. Diski ya nje inunuliwe kabla ya mashine mpya. Ukishaongea na fundi, mpigie na yule mteja unayemkwepa tangu wiki mbili zilizopita. Mkeo hajaniambia kwamba unamkwepa mtu. Nimekisia.